Nilivyowasamehe Wanawake Thelathini Kwenye Lundo la Chumvi

Wenzangu wa kiwandani, mmenipigia simu mmoja baada ya mwingine mkiuliza mambo mawili: bega limepatwa na nini, na Mama Neema alirudi au hakurudi. Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimekaa hapa kihambani chini ya migomba, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga, wa kulia mzima, na huo ndio ninaoandikia. Shule yangu mnaijua, iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute nukta. Tafuteni majina. Wote walionifanyia haya nitawataja, ijapokuwa nimeshawasamehe. Mtaona kwa nini ilibidi niwasamehe. Lakini kusamehe ni kitu kimoja na kunyamaza ni kingine, na kunyamaza sikuahidi popote.

Mwezi wa sita mke wangu Felista alikwenda Amerika kumlea binti yetu Neema aliyejifungua. Tulikubaliana miezi mitatu. Wa tatu ukapita, wa nne ukapita, wa tano ukapita. Nikipiga simu naambiwa mtoto ana mafua. Mafua gani ya miezi miwili? Siku zake za kukaa kule zilikuwa zinaishia Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, na siku moja Neema akaponyokwa kwenye simu kwamba mama asipopanda ndege Jumanne, kuna mwanasheria ameshapatikana wa kumwongezea. Mwanasheria! Ndipo nikafunga mizigo. Nilikwenda kumrudisha mke wangu. Sikuwa na shida nyingine na Amerika.

Kibosho hadi uwanja wa ndege

Mkosaji wa kwanza ni katekista Bonifasi. Alijitolea kunishusha na gari la parokia, sikujua gari limebeba viti mia mbili vya harusi. "Tunavipitisha tu, Massawe, ni njiani." Haikuwa njiani. Na ninyi mnajua, huwezi kushusha viti harusini ukaondoka bila kula. Tukala. Tulipomaliza kula, mshereheshaji akatangaza kwamba kuna mgeni anayekwenda Amerika, aje awape maharusi neno. Nikasimama na suti yangu, nikawaambia maharusi kwamba siri ya ndoa ni mke kukaa nyumbani. Watu wakapiga makofi. Nilifika uwanjani zikiwa zimebaki dakika za kuhesabu, nina pilau kwenye tai.

Kwenye begi nilikuwa na kilo tatu za kimea cha ulezi. Felista alikiagiza: "Kile cha Mama Shirima, si cha sokoni." Nilifurahi sana. Nikajisemea, mwanamke anayekumbuka kimea cha mbege, pombe yetu ya ndizi, anakumbuka nyumbani. Nilikuwa mjinga, lakini mjinga mwenye furaha.

Amsterdam

Hapa mkosaji simjui jina, namjua mgongo tu. Nilishuka ndegeni nikaona pale uwanjani watu wanakwenda pande zote kama siafu waliomwagiwa majivu. Nikamwona mtu kavaa jezi ya timu yetu. Nikasema huyu wa nyumbani, anajua anakokwenda. Nikamfuata. Akapanda ngazi, nikapanda. Akanunua mkate, nikanunua mkate. Akaingia chooni, nikangoja mlangoni na begi langu. Alipotoka nikamwambia, "Kaka, ndege yetu mlango gani?" Akageuka, ni Mjerumani mwekundu kama nyanya. Alikuwa ametoka kupanda Mlima, jezi alinunua Moshi kwa ukumbusho. Akanikumbatia, akanionyesha picha zake zote za kileleni, na mimi kwa adabu nikaziangalia zote. Ndege ikaniacha.

Wakanipandisha ya kesho yake.

Minneapolis, pale penye mbwa

Mbwa wao alinusa begi langu akakaa chini. Kumbe akikaa ni kesi. Wakakitoa kimea, wakakipekua kwa kijiko, wakanizunguka. Kiingereza changu hakifiki huko. Akaitwa mama mmoja mfagiaji, Msomali aliyewahi kuishi Mombasa, aje atafsiri.

"Mzee, wauliza hii ni dawa ama ni chakula?"

"Waambie ni pombe ambayo bado haijawa pombe."

Akanitazama. "Mzee wangu, hiyo siwaambii. Nikiwaambia hiyo utalala hapa, na mimi nilale nawe."

"Basi waambie ni uji."

"Uji," akawaambia, akaeleza mpaka na wagonjwa na watoto. Mmoja wao akaniashiria nionje. Nikabugia konzi nzima mbele yao, kavu, bila maji. Nilikohoa mpaka mbwa akasimama. Wakaniachia. Yule mama simtaji kama mkosaji. Namtaja kwa shukrani.

Uwanjani hadi Woodbury

Kevo ni mume wa Neema, Mkenya, dereva wa lori. Alinipokea mlangoni na kulikuwa na baridi ambayo sitaieleza, maana hamtaamini. Suti yangu ilikuwa kama gazeti.

"Baba, hapa weather si mchezo," akasema. "Nilisahau kukubebea koti. Lakini iko ya mathe hapa nyuma. Shikilia tu hiyo."

Koti la mathe ni koti la Felista. Zambarau, refu hadi magotini, limejazwa manyoya ya bata, kofia yake ina ukingo wa manyoya. "Kevo," nikamwambia, "mimi ni baba mkwe wako."

"Baba, hapa baridi haijui mkwe."

Nikalivaa. Andikeni jina lake: Kevo. Mengi yaliyofuata yalitokana na koti lile.

Nyumbani Neema alinipokea vizuri, akanipa mjukuu nimshike, akanipa chakula cha kule: nyama ya kusaga iliyozamishwa kwenye mchuzi mweupe, juu yake vimepangwa viazi vidogo kama vizibo. Jirani ndiye aliyekileta. Nikala. Ni chakula cha mtu aliyekata tamaa, lakini kinashibisha.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mama yuko na group yake, Baba. Leo analala huko."

"Kikundi gani? Jumuiya?"

"It's like... wanawake. They dance." Neema akishikwa pabaya hukimbilia Kiingereza, tangu mdogo. "Kesho Mama Furaha atakupeleka. Ni bora uone mwenyewe."

Na mafua ya mtoto? Mtoto alikuwa anacheka, pua kavu kama karatasi. Mwandikeni na Neema.

Woodbury hadi Savage

Mama Furaha ni Mkongo, anakaa mtaa wa Phillips, anafanya kazi na Neema kwenye nyumba ya wazee. Alikuja saa nane mchana, Jumamosi, na gari lenye joto kama kiota. Nikavaa koti la zambarau kwa sababu hakukuwa na jingine, nikapanda.

"Papa, mi nikuambie ukweli," akasema tukiwa barabara kubwa. "Iko maman mmoja, Linda. Alikuwa daktari wa meno. Kisha retraite, aliacha kazi, akasoma kitabu. Zamani kule Ugiriki ba-maman waliacha vyungu, waliacha kufuma, wakapanda mlima kucheza ngoma ya mungu wa mvinyo. Walivaa ngozi ya swala, walishika fimbo zenye majani, walikunywa, walilia, walicheka. Linda akasema: kwa nini sisi hapana?"

"Na wewe Mkristo umo humo?"

"Mi nilifikiri ni groupe ya maombi! Nilifika na Biblia yangu. Wakati nilijua, nilikuwa nimesha-danser."

"Na mchungaji wako?"

"Pasta iko na siri zake, papa, na mi niko na zangu."

Halafu nikauliza, "Wale wa zamani, waume zao walisemaje?"

"Bon. Kuna mwanaume mmoja aliwafuata kuwachungulia."

"Ikawaje?"

"Papa, funga mukanda."

Nilitegemea mlima. Nimezaliwa nikiutazama Mlima, ninajua mlima ni kitu gani. Savage hakuna mlima. Kuna mto, maghala ya nafaka, mabehewa, na kando ya mto kuna malundo ya chumvi ile wanayomwaga barabarani magari yasiteleze kwenye barafu. Lundo kubwa kuliko yote, refu kama kanisa la parokia yetu, limefunikwa turubai jeusi na kushikiliwa kwa matairi ya gari, upande mmoja uko wazi. Huo ndio mlima wao. Mpwa wa Linda ndiye msimamizi wa yadi, na amewaruhusu Jumamosi mchana kwa sharti la kazi: kila anayeingia avae kofia ngumu ya mjenzi na kizibao cha rangi ya chungwa, na asaini kitabu.

Nikasaini. Nikavishwa kofia ngumu juu ya ile ya manyoya, na kizibao juu ya koti la zambarau. Kilichobaki kuonekana ni pua.

Lundo

Walikuwa kama thelathini. Wengi wa umri wa Felista, wengine bibi kabisa. Ngozi za paa mabegani, juu yake vizibao vya chungwa, vichwani kofia za mjenzi. Mikononi fimbo: nyingine mipini ya ufagio, nyingine vijiti vya kutelezea thelujini, juu zimechomekwa tunda la msonobari na kuzungushwa majani. Wanapiga ndoo za plastiki, wanazunguka lundo, wanapiga vigelegele. Vigelegele vile vilikuwa kama mtu anayesukutua, nikatambua mara moja kwamba kuna mtu aliwafundisha, na nikamjua.

Alikuwa mbele yao. Felista wangu, mwanamke wa Kamati ya Kanisa, ngozi ya mnyama begani, anaruka kama ana miaka ishirini.

"Felista!"

Ndoo zilimeza sauti yangu. Linda, mrefu, nywele nyeupe, akaniona, akaona koti la zambarau, akadhani ni mwanachama mpya mwenye haya. Akanishika mkono akanitia kwenye mstari. Nikasema mimi ni mume. Akasema "Welcome!" Nikazungushwa lundo mara mbili, Mungu shahidi, mara mbili, na bibi mmoja nyuma yangu akinipiga mgongoni kunitia moyo.

Nikaona hapa lazima niseme nikiwa juu yao. Mzaliwa wa Mlima hashindwi na chumvi. Nikachomoka, nikapanda upande ule ulio wazi. Nikafika nusu, nikageuka, nikainua mkono, nikasema kwa sauti ya mkutano, "Felista Massawe, shuka twende nyumbani!" Yeye alikuwa chini, mimi ndiye niliyekuwa juu, lakini hasira haipangi maneno.

Chumvi ikakatika. Nikaanza kuteremka, na chumvi juu yangu ikaanza kunifuata kunifukia. Wale wanawake wakapiga ukelele, wakanirukia wote. Wanne mkono wa kushoto, watatu wa kulia, miguu sijui ilikuwa ya nani. Kila kundi lilivuta kuelekea kwao, na kila mmoja alikuwa anasema samahani. Samahani, huku anavuta. Samahani sana, huku anapindua. Sijawahi kuraruliwa na watu wenye adabu kama wale. Nikamkumbuka yule mwanaume wa Ugiriki, nikajua kwa nini Mama Furaha alinifungisha mkanda. Nikasikia bega likisema *kwa*. Mkono wa koti ukatoka mzima, manyoya ya bata yakapaa juu, na kofia zote mbili zikaanguka, wakauona upara wangu na sharubu.

Ndoo ya mwisho ikalia mara moja ikanyamaza.

"Mwanaume," akasema Mama Furaha kwa Kiswahili, kana kwamba hakunileta yeye.

Linda alipiga magoti, akanifungua kinywa akanikagua meno, maana ndicho anachokijua. Mwingine, Joani, daktari wa farasi, akaweka goti ubavuni mwangu, akavuta mkono, bega likarudi. Nililia neno ambalo sitaliandika.

Kisha Felista akasogea. Hakuniuliza kitu. Aliwageukia wale wanawake akasema nao kwa Kiingereza. Felista! Aliondoka anajua "good morning" tu. Wakaitikia kwa vichwa vyao vya kofia, wakaanza kuchomoa majani kwenye fimbo zao, wakapanga foleni.

Ndipo nikayatazama majani yale. Yalikuwa masale.

Ninyi msiotoka kwetu, niwaeleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa vihamba na makaburini. Mtu akikukosea, hata akiwa amekuvunjia nyumba, akikuletea jani la isale umesamehe. Huwezi kukataa. Anayekataa isale hana ukoo, hana baba. Na kule Amerika, jamani, isale inauzwa kwenye vyungu madukani, wanapamba nayo sebule, hawajui ni nini! Linda alitaka majani ya mzabibu, baridi ikawa imeyaua yote. Felista akamwambia, liko jani lisilokufa.

Akaja wa kwanza, yule bibi aliyenipiga mgongoni, akaniwekea jani mkononi, akainamisha kichwa. Nikalipokea. Ningefanya nini? Akaja wa pili. Joani. Linda, machozi yanamtoka. Mama Furaha naye, eti, na lake, na wa mwisho Felista mwenyewe. Jani moja linatosha kusamehe ng'ombe aliyeuawa, mimi nilipewa thelathini kwa mkono mmoja mzima, na sikuwa nimelalamika bado hata neno moja. Hasira yangu yote niliyoibeba kutoka Kibosho kupitia Amsterdam ilizimwa kabla sijaifungua.

"Unaichezea isale yetu," nikamwambia Felista.

"Siichezei. Niliwaeleza yote. Wale wawili pale ni ndugu, hawakusemeshana miaka kumi na moja. Wamepeana jani wiki iliyopita. Wewe umewahi kumpa mtu?"

Nikashika bega, lilikuwa linauma.

Wakaleta mbege. Mbege, wenzangu, kwenye ndoo, ya ndizi za duka la Wamexico, kumbe kimea kiliagizwa kwa ajili yao, na kata zake ni vibuyu walivyopambia milango. Wakatulia wote. Kwa mazoea nikanyoosha mkono, maana nilikuwa mwanaume mtu mzima peke yangu pale. Mama Furaha akanishusha mkono taratibu. "Papa, hapa unangoja."

Kata ya kwanza akapewa Felista. Hakuonja, alikunywa, kata nzima, bila haraka, na wanawake thelathini wakimngoja na kofia zao. Halafu Linda, halafu wengine. Ilipofika kwangu ilikuwa chini kabisa, nene, inakwaruza koo.

"Haya ni machicha," nikasema.

"Ndiyo ladha yake." Alikaa juu ya tairi, kando yangu. "Nyumbani nikipika mbege, nani anaanza?"

"Aliyepika."

"Aliyepika anaonja, waone hajatia sumu. Nakuuliza nani anakunywa."

"Wazee."

"Halafu?"

"Wanaume."

"Halafu?"

Nikatazama kilichobaki kwenye kata.

"Halafu machicha, Baba Neema. Miaka thelathini na miwili."

Linda akauliza tunasema nini. Mama Furaha akatafsiri, akatafsiri kwa urefu kuliko tulivyosema, na wote wakasogea kusikiliza. Nikawa na kesi mbele ya baraza la kofia ngumu.

"Ndege ni Jumanne," nikasema kwa sauti ndogo.

"Siku naijua."

"Sasa unataka nini? Nikawaambie wazee wa ukoo wangoje?"

"Wazee sijawataja. Nimekutaja wewe. Uningoje wewe."

"Mbele ya watu?"

"Nyumbani tukiwa wawili ulishawahi kunipa kwanza, mwaka tuliooana. Nataka mbele ya watu."

Nikasema haya. Akaniuliza, haya ya kweli au haya ya kuninyamazisha. Nikasema tutaona. "Basi na mimi nasema tutaona," akasema, akainuka kwenda kupiga ndoo.

Kurudi

Jumanne alikuja uwanjani. Nilipomwona nikamshukuru Mungu, halafu nikaona begi lake. Alikwenda Amerika na sanduku kubwa la bluu, mnalikumbuka, tulilibeba wawili. Pale alikuwa na kibegi cha mkononi. Sanduku limebaki Woodbury, chumbani kwa Neema, limefungwa au halijafungwa sijui. Na siwezi kuuliza, kwa sababu jani lake nilishalipokea, na aliyepokea isale hafufui maneno. Linda na wenzake walikuja kumuaga wakiwa na nguo za kawaida. Sikuwatambua mpaka mmoja aliposema samahani.

Amsterdam tulipita salama, Felista anajua kusoma milango.

Kwenye ndege ya mwisho, ile inayokuja kwetu, nilikaa kando ya njia na yeye dirishani. Ng'ambo ya njia, nani kakaa? Ulomi wa Machame, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mnene, mdomo wake unajulikana hadi Rombo. Tukasalimiana. Bega lilikuwa linawaka, nilikuwa nimemeza dawa ya Joani ya farasi, na koo langu lilikuwa limekauka kama kile kimea.

Mhudumu akaja na kigari. Mvinyo mwekundu ulibaki kichupa kimoja tu, akaumimina kwenye kikombe akanipa mimi, maana nilikuwa karibu. Nikakishika. Ulomi alikuwa ananiangalia, na wa nyuma yake pia. Felista alikuwa anatazama nje kwenye mawingu, hakugeuka, ila aliacha kupumua, mke wangu namjua.

Nikageuka na mkono wangu mmoja, nikakiweka mbele yake. "Anza wewe, Mama Neema." Nikalisema kwa sauti ya kusikika.

Akakishika kwa mikono miwili. Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena, hana haraka kabisa.

"Massawe," Ulomi akaniita, kainama hadi njiani, "unaumwa?"

"Bega," nikamjibu. "Naumwa bega."

Nikakunja mkono wangu mzima mapajani, nikaendelea kungoja.